Samahani, Jumamosi Sitaweza

Msimamizi wa ghala alivua viatu mlangoni kabla ya kuingia, na hilo peke yake lilitosha kumtia fundi wasiwasi. Wateja wake wote waliingia na viatu. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, sakafu imejaa nyuzi na mabaki ya vitambaa, na hata yeye mwenyewe aliyeshinda humo kutwa hakuwahi kufikiria kuvua kandambili. Lakini mwanaume yule aliviweka viatu vyake vyeusi sambamba, ncha zikielekea nje, akaingia na soksi zake safi. Aliinama, akaokota pini iliyoanguka chini ya kiti, akamkabidhi.

"Utachomwa, shemeji."

"Ahsante, shemeji. Karibu kiti."

Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akitazama nguo zilizotundikwa ukutani, moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza. Fundi alikuwa na sababu mbili za kumwonea haya mgeni huyu. Kwanza alikuwa mkubwa wa mumewe, aliyekuwa karani wa ghala hilo kwa miaka kumi na moja. Pili alikuwa mume wa rafiki yake, mwanamke mrefu ambaye fundi alimpa jina la Mita Tatu tangu gauni la kwanza alilomshonea, maana wenzake wote kitambaa cha mita mbili na nusu kiliwatosha na kubaki, yeye kikamwishia magotini. Jina hilo lilishika mtaa mzima. Msimamizi peke yake ndiye hakulitumia.

"Nimekuja na siri," alisema Msimamizi, akacheka kidogo. "Jumamosi mwenzangu anatimiza miaka thelathini na tano. Nataka kumfanyia sapraizi. Watu wa kazini watakuwepo, majirani pia, na dada yangu keshahamia pale nyumbani kusaidia mapishi. Mwenyewe hajui kitu. Nimemwambia Jumamosi alfajiri nasafiri kwenda kuhesabu mali kwenye ghala la pili, nirudi Jumatatu. Kaamini!"

Mguu wa fundi uliganda juu ya kanyagio la cherehani. Yeye alikuwa na siri ya upande wa pili.

Chini ya meza ya kukatia, nyuma ya gunia la vipande, kulikuwa na begi la bluu. Kwa miezi miwili Mita Tatu alikuwa akileta nguo za kutengenezwa zisizo na pa kutengenezwa: sketi nzima yenye zipu nzima, sweta lisilokosa hata kifungo. Alizileta moja moja kwapani, kwa sababu kwao begi lisingetoka nyumbani bila kuulizwa linakwenda wapi. Watoto wake wawili walikuja wamevaa fulana mbili mbili wakarudi na moja moja. Wiki iliyopita alileta bahasha yenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Jumamosi saa nane mchana angekuja na watoto, eti kupimwa, angechukua begi, na saa tisa na nusu wangepanda basi kwenda kwa shangazi yake, mji ambao mumewe hakuujua. Aliichagua Jumamosi kwa sababu moja tu: mumewe angekuwa safarini, naye angekuwa ametangulia kwa siku mbili nzima.

Hakumweleza fundi kwa nini anaondoka, na fundi hakuuliza. Mwanzoni mwa mwaka alimwambia, "Inua mkono nipime ubavu," mkono ukafika nusu ukagoma. "Nililalia vibaya," alisema Mita Tatu. Fundi aliipitisha tepe juu ya uvimbe alioukuta ubavuni polepole sana, akaandika namba kwenye daftari. Ilibidi apumzike kidogo kabla ya kuandika nyingine.

"Kazi yako wewe ni ndogo," Msimamizi aliendelea. "Kaniambia atakuja kwako saa nane na watoto. Wewe mzungushe, mpime, mpimue, ikifika saa tisa umlete nyumbani. Sisi tutakuwa tumejificha. Utamleta?"

Hapa fundi angeweza kusema ndiyo. Angesema ndiyo kwa mdomo mkunjufu, kisha akatafuta njia. Lakini alifikiria: nikikubali, naye akapotelea mikononi mwangu, nani ataulizwa? Alimpenda Mita Tatu kama ndugu, lakini siku hiyo alitaka kuwa mbali, aulizwe aseme sikuwepo. Ukweli huo haupendezi, ila ndio ukweli.

"Shemeji, wallahi umenifurahisha," alisema. "Na ningependa sana. Ila samahani, Jumamosi sitaweza. Nina sare za shule arobaini, zinatakiwa Jumatatu asubuhi. Nikiinuka kwenye mashine hata saa moja nimeumbuka."

"Arobaini."

"Arobaini, shemeji."

"Hapo ukutani naona thelathini na sita." Alisema bila kugeuka. "Zimebaki nne. Na leo ni Jumatano."

"Ni kola, shemeji. Kola zake zinasumbua."

"Kola," alirudia Msimamizi, kama mtu anayeonja neno. Hakukasirika, na laiti angekasirika. "Haya. Kazi ni kazi. Nimealika watu ishirini na wawili, na wote wamesema ndiyo. Hata jirani yangu tusiyesalimiana kasema ndiyo. Wewe ndiye rafiki yake wa kweli, nikadhani ungekuwa wa kwanza."

"Utamfikishia salamu zangu. Na zawadi nitaleta."

"Nitafikisha." Alifika mlangoni, akaingiza miguu katika viatu bila kuinama. "Kuna jambo dogo. Tangu mwezi wa tatu zimetoka nguo tisa kuja kwako. Zimerudi mbili. Hizo saba zikiwa tayari, usimsumbue yeye kuja kuzifuata. Karani wangu atanibebea."

"Ziko kwenye foleni, shemeji."

"Sawa," alisema, akatabasamu, akaenda zake.

*

Karani alirudi jioni uso umemshuka. Kwa kawaida aliingia akipiga mluzi, akauliza kilichopikwa, akamtania binti yao juu ya mwandiko wake. Siku hiyo aliosha mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaketi mbele ya sahani, akaitazama.

"Umemkatalia bosi wangu," alisema.

"Sikumkatalia. Nimemwomba radhi."

"Mbele ya wapakizi kaniambia: 'Karani, mkeo kawa mtu mkubwa siku hizi, mialiko anaichagua.' Watu wakacheka. Yule mwenye kikohozi alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, mke wangu. Nilicheka na wao."

Binti aliinua macho kutoka kwenye daftari. Mama yake akamwashiria aende chumbani, akaenda akiburuza miguu.

"Nina sare," alisema fundi.

"Sare gani hizo zinazokushinda kukaa saa moja kula keki? Wewe uliyeshona gauni la bibi harusi kwa siku moja, bibi harusi mwenyewe akikusubiri na taulo?"

Siku nyingine angecheka. Karani alishusha sauti. "Sikiliza. Mikataba inaisha mwezi huu. Orodha ya wanaobaki iko mezani kwake, anatia saini Jumatatu. Sisi makarani tuko watatu na nafasi ni mbili. Wenzangu wote wawili Jumamosi wanakwenda kumpangia viti. Mimi mke wangu ana kola!"

Maneno yalimfika fundi mdomoni. Alimtazama mumewe, mtu mwema huyu, ambaye akicheza karata hata mtoto alimfunga kwa sababu furaha yake ya kupata karata nzuri ilionekana mpaka masikioni. Kesho asubuhi angesimama mbele ya Msimamizi na siri hii usoni kama chunusi. Na hata akiweza kuificha, angesema nini? Angesema tusiingilie ya watu na mke wake. Alishayasema hayo mara moja, walipomwona Mita Tatu na miwani ya jua siku ya mvua.

"Nitampelekea zawadi nzuri," alisema fundi.

"Zawadi," alisema karani. Alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani.

*

Alhamisi mchana alifunga chumba chake akaenda kwa Mita Tatu. Simu asingeweza kupiga. Simu ya rafiki yake ililala na mumewe na kuamka na mumewe. Njia nzima alipanga maneno. Yalikuwa machache tu: *hasafiri, ondoka leo.* Sekunde tano zingetosha.

Aliyemfungulia mlango alikuwa dada yake Msimamizi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, kisu cha kumenyea mkononi. "Karibu, fundi! Wifi yuko huku," alisema, akamwongoza mpaka sebuleni, akaketi katikati yao kwenye kochi lililokuwa na nafasi nyingine nyingi.

Mita Tatu alifurahi kumwona, furaha ya kweli. Alileta maji kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amesuka nywele upya na shingo yake ndefu ilionekana yote, naye aliketi wima ukingoni mwa kiti kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo.

"Nilikuwa napita," alisema fundi, "nikasema nikukumbushe kupimwa. Njoo basi leo jioni. Au hata sasa hivi twende wote."

"Si Jumamosi?" aliuliza Mita Tatu.

"Jumamosi nina sare nyingi. Leo ni bora. Leo, mwenzangu."

Alilisema neno *leo* kwa macho, kwa nyusi, kwa kila alichokuwa nacho usoni. Mita Tatu alimtazama, akaanza kuelewa kwamba kuna jambo, na tabasamu likampungua kidogo. Wifi aliendelea kumenya.

"Leo hawezi," alisema wifi kwa upole. "Leo na kesho tuna usafi wa nyumba. Jumamosi atakuja, tena nitamsindikiza mwenyewe. Au siyo, wifi?"

"Ndiyo, wifi."

Fundi alikunywa maji yote. Aliomba maji mengine, akitumaini mnene yule atainuka kuyaleta, lakini aliyeinuka ni Mita Tatu. Alipoomba kwenda msalani, wifi alimsindikiza mpaka mlangoni mwa msala, akamsubiri nje akisimulia habari za mafuta ya kupikia. Akaaga. Kwenye kizingiti Mita Tatu alimshika kiganja akakibana kwa nguvu, akasema, "Jumamosi saa nane, kama tulivyosema," huku wifi amesimama nyuma yake akitabasamu pia.

Barabarani fundi alilia kidogo, akajipangusa na ncha ya kitambaa chake, akajiambia bado kuna Ijumaa.

*

Ijumaa asubuhi alitoka mapema kununua vifungo, akapitia tena kule. Aligonga mpaka vidole vikamuuma. Pazia la dirisha lilisogea kidogo, likatulia, na hakuna aliyefungua. Alirudi akashona sare mbili, akazifumua zote mbili.

Saa kumi karani aliingia akipiga mluzi.

"Nimeyamaliza," alisema. "Usinune tena. Mambo yamekwisha, na hutakiwi kufanya chochote." Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya kukatia, akailainisha kwa kiganja. "Jana kaniambia nimpelekee nguo za mkewe. Asubuhi ulipotoka nikazitafuta ukutani, sikuziona. Nikaangalia chini ya meza, nikaona begi. Lile gauni la kijani nikalijua palepale, nani mwingine ana gauni refu vile? Nikazihesabu, nikazipeleka na begi lenyewe. Kapokea kwa mikono miwili! Kaniita ofisini, kaninywesha chai, kaniambia nikae."

Fundi aliitazama karatasi. Ilikuwa hati ya makabidhiano, ya ghala, yenye mistari na nakala yake, imeandikwa kwa mwandiko ule mzuri wa mumewe ambao makarani wengine waliuonea wivu.

*Gauni la kijani, 1. Sketi, 2. Blauzi, 3. Sweta, 1. Nguo za watoto, 11. Viatu vya mtoto, jozi 1. Bahasha, 1, ndani yake vyeti vya kuzaliwa, 2. Jumla vimekabidhiwa vyote katika hali nzuri.* Chini yake saini mbili, ya mkabidhi na ya mpokeaji.

"Umeandika na vyeti," alisema fundi.

"Kila kilichomo huandikwa. Kesho mtu asije akasema kimepotea cha kwake."

"Hukujiuliza vyeti vya watoto vinafanya nini kwa fundi wa nguo?"

"Nilijiuliza," alisema karani. "Nikasema labda unawashonea mkoba wa kuvihifadhia. Mimi kazi yangu si kuuliza, mke wangu. Miaka kumi na moja sijawahi kuuliza kilichomo."

Basi akamweleza. Alimweleza kila kitu, mkono uliogoma, fulana mbili mbili, basi la saa tisa na nusu, na kadiri alivyoeleza ndivyo karani alivyozidi kujikunja juu ya kigoda. Alipomaliza, mumewe aliichukua ile hati, akaisoma upya kuanzia juu.

"Aliposoma mstari wa vyeti," alisema, "aliusoma mara mbili. Halafu akaniomba kalamu. Akatia saini, akaniambia, 'Karani, wewe ni mtu makini sana.' Nami nikamwambia ahsante."

Fundi alitamani kumpiga, alitamani pia kumkumbatia, na alijua kwamba kosa si la mumewe peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekataa mwaliko wa bwana yule kwa adabu zote, akaja nyumbani akanyamaza kwa adabu zilezile.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza karani.

"Ungeniambia tusiingilie."

Karani alihesabu nyufa za ukuta. "Ndiyo," alisema. "Ningekuambia hivyo."

*

Jumamosi karani alivaa shati lake jeupe. Alikuwa ameagizwa awe mlangoni kwa Msimamizi tangu saa saba. "Nisipokwenda atajua kwamba nimejua," alisema. "Nikienda, angalau nitakuwepo." Kuwepo kwake kungesaidia nini, hakusema, wala mkewe hakumuuliza.

Saa nane ilifika, Mita Tatu hakutokea. Fundi hakuwa amemtarajia, lakini kila kivuli kilichopita mlangoni kilimwinua. Saa nane na nusu aliacha sare ya thelathini na nane imebanwa chini ya sindano, akanawa uso, akaitundika tepe shingoni kwa mazoea, akatoka hivyo hivyo.

Nyumba ya Msimamizi ilikuwa imefungwa mapazia. Mumewe alimfungulia, akamtazama kwa mshangao na hofu, akasogea kando. Ndani, watu zaidi ya ishirini walikuwa wamejibanza nyuma ya makochi na pembeni mwa kabati, wakisukumana na kuvibana vicheko kama watoto wa shule. Mpakizi mwenye kikohozi alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia. Harufu ya keki na jasho ilijaa chumba.

"Fundi!" Msimamizi alinong'ona akija kwa vidole vya miguu. "Na kola?"

"Nimeziacha, shemeji. Roho imekataa."

"Vizuri. Nilijua roho yako nzuri. Mwenzangu yuko saluni na dada na watoto, wanarudi sasa hivi. Njoo usimame hapa mbele, akuone wewe kwanza."

Alimsogeza kwa ncha za vidole mpaka mbele ya meza. Katikati ya meza ilikuwa keki, na kando ya keki zawadi. Kubwa kuliko zote ilikuwa imefungwa karatasi ya maua, na fundi, ambaye maisha yake yote alikuwa akikisia umbo lililo chini ya kitambaa, aliona mishikio miwili imevimbisha karatasi upande wa juu. Alilijua begi lake.

"Hiyo ataifungua ya kwanza," alisema Msimamizi.

Hatua zikasikika nje. Msimamizi akainua mkono, chumba kikazizima. Karani akavuta mlango, Mita Tatu akainamisha kichwa kupita chini ya kizingiti kama alivyozoea, mtoto huku na mtoto huku, wifi nyuma yao, na watu ishirini na zaidi wakachomoka wakipiga kelele.

Alipiga yowe. Aliwavuta watoto nyuma ya magoti yake kwa mkono mmoja, na ule mwingine, ule mbovu, ukapanda mpaka juu, ukafunika uso. Alibaki amesimama hivyo, amejikinga, amefumba macho.

Watu walicheka mpaka wakashikana. "Kashtuka huyo! Kashtuka kweli!" Jirani mmoja, mama mtu mzima, alianza kucheka na wenzake kisha akaacha, akautazama ule mkono. Wengine waliimba. Mita Tatu alifumbua macho, akamwona mumewe, aliyetakiwa kuwa mbali sana, amesimama mbele yake na kisu cha kukatia keki, akitabasamu.

"Heri ya kuzaliwa, mke wangu," alisema. "Zawadi kwanza."

Alimpokonya mkoba, akamwekea mzigo mikononi, akamsaidia kuchana karatasi. Gauni la kijani likatoka. Kicheko kikapungua, watu wakatazamana. "Si gauni lake lile la siku zote?" alisema mtu. Mwingine akasema labda limetengenezwa upya, na wachache wakapiga makofi ili kusaidia mambo.

"Endelea," alisema Msimamizi. "Kuna zaidi."

Zikatoka sketi. Zikatoka fulana za watoto, na mtoto mdogo akasema kwa furaha, "Mama, viatu vyangu!" Mita Tatu aliingiza mkono mpaka chini ya begi, akatafuta, akatafuta.

"Bahasha ninayo mimi," Msimamizi alimwambia kwa sauti ya chini, akijigonga mfuko wa shati. "Hiyo tutaongea wageni wakiondoka."

Hapo ndipo Mita Tatu alipoinua macho kumtazama fundi. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanauliza tu, na fundi alijua kwamba akishindwa kuyajibu sasa hatayajibu tena maisha yake yote. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Mezani kwa mtu huyu kulikuwa na orodha, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Lakini chumba kilikuwa na watu, na watu hao wangeondoka jioni.

"Samahani, wageni," alisema. Sauti yake ilitoka ya dukani, ile ya kila siku. "Shemeji, samahani sana. Hili gauni limekuja kwa makosa, sijalimaliza. Hawezi kulivaa hivi siku yake kubwa. Naomba nimchukue dakika chache nikampime. Na watoto pia, nguo zao bado." Alivua tepe shingoni, akawaonyesha wote, kisha akamshika Mita Tatu kiganja. "Twende, mwenzangu. Chukua watoto."

"Katikati ya sherehe?" Msimamizi alikuwa bado anatabasamu, lakini kisu kilikuwa kimesimama hewani. Watu wote walimwangalia yeye, naye alijua wanamwangalia.

"Ni mara moja tu, shemeji. Wageni watatuvumilia."

"Waache waende," alisema yule jirani mtu mzima kwa sauti kubwa, na hakuwa anacheka. "Wanawake na nguo tena. Sisi tutasubiri."

Walianza kutembea. Kutoka mezani hadi mlangoni zilikuwa hatua nane au tisa, na fundi alizisikia zote kwenye nyayo.

"Karani," alisema Msimamizi kwa upole. "Funga mlango. Upepo unaingia."

Hapakuwa na upepo. Karani alikuwa ameshika kitasa, shati lake jeupe limeloa mgongoni. Kazini hakuna aliyewahi kumwambia jambo mara mbili.

"Naam, mzee?"

"Nimesema funga mlango."

"Sijasikia, mzee," alisema karani. Uso wake wote ulionyesha kwamba amesikia.

Mita Tatu akainamisha kichwa, akapita. Watoto wakapita. Fundi akapita mbele ya mumewe karibu sana kiasi cha kusikia pumzi yake, na hakuthubutu kumtazama.

Jua la saa tisa liliwapiga usoni. Walitembea bila kukimbia mpaka kwenye kona, kisha wakakimbia. Begi lilibaki, vyeti vilibaki, na mtoto mdogo alikuwa analilia viatu. "Basi ni saa tisa na nusu," Mita Tatu alisema akihema. "Tutawahi? Niambie tutawahi." Fundi akasema watawahi, ingawa hakujua, na nauli ya watu watatu ingetoka kwenye pesa za sare. Nyuma yao, ndani ya ile nyumba, wageni wengine waliokuwa bado hawajaelewa walianza tena kuimba.

Kisha mlango ukafungwa kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye kona, na fundi akasimama katikati ya barabara, kwa sababu mumewe alikuwa upande wa ndani.